Simbilisi Anajikuna, Mtoto Naye Anajikuna: Tuanzie Wapi?

SEHEMU YA 1: Kwa nini leo tunaongelea simbilisi

 

Niliahidi kwamba tukimaliza mada ya kuharisha tutahamia kwenye ngozi. Nilipanga nianze na vipele vya nepi, lakini meseji zenu zimenibadilishia ratiba. Swali ni lile lile, limekuja kutoka Nkwenda, Kaisho, Mabira, Kayanga, mpaka kwa dada mmoja kule Murongo mpakani: "Nesi, simbilisi wa watoto wananyonyoka manyoya na wanajikuna usiku kucha. Sasa mtoto naye ameanza kujikuna mikono na tumbo. Huku daktari wa wanyama hatuna. Tufanyeje?"

Kwa wasiowajua, simbilisi ni yule mnyama mdogo mnene asiye na mkia, anayepiga kelele "wii wii" akisikia mtu anashika majani. Asili yake ni milima ya Andes, Amerika Kusini, huko Peru na Bolivia. Siyo panya wa porini, wala siyo pimbi wa mawe. Iringa, Njombe na Mbeya wapo wanaomfuga kwa ajili ya kitoweo, na kwa majirani zetu wa Kivu, Kongo, amesaidia familia nyingi kupata nyama kidogo. Huku kwetu wengi wanaoniandikia wanamfuga kwa sababu mtoto alimwona kwa rafiki yake, akamlilia, akapewa dume na jike, na baada ya miezi michache akawa na ukoo mzima kwenye boksi jikoni. Watoto wamewapa majina. Mtoto akishampa mnyama jina, ujue huyo ni mwanafamilia, na ugonjwa wake ni ugonjwa wa nyumba nzima.

Kabla sijaendelea, mnielewe. Mimi ni nesi wa binadamu, siyo daktari wa mifugo. Naandika kwa sababu mbili. Ya kwanza, ngozi ya mtoto ni kazi yangu, na ugonjwa huu wa simbilisi unafika kwenye ngozi ya mtoto. Ya pili ni kubwa zaidi: kinachoumiza watoto katika habari hii mara nyingi siyo yule mdudu, ni dawa tunazochukua kumuulia. Hilo nimeliona kwa macho yangu, nitawasimulia kwenye sehemu ya tatu.

SEHEMU YA 2: Huyo mdudu ni nani?

Anaitwa utitiri. Utitiri wa kuku mnaujua, ule unaotambaa mikononi ukitoa mayai kwenye kiota. Huu wa simbilisi ni wa ukoo huo ila ni mdogo zaidi, humwoni kwa macho. Hatambai juu ya manyoya, anachimba. Anaingia ndani ya ngozi, anatoboa vijia, anataga mayai humo humo. Wataalamu walimwandika rasmi mwaka 1972, kutokana na simbilisi wa Uingereza, wakampa jina la Trixacarus caviae. Ni ndugu wa karibu wa mdudu anayeleta upele kwa binadamu.

Dalili zake ni hizi. Simbilisi anajikuna mpaka anajichubua. Manyoya yananyonyoka mgongoni, mabegani, kwenye mapaja ya ndani. Ngozi inakuwa nene, ina magamba meupe au ya njano, mahali pengine inatoa damu. Anakonda. Ukimgusa mgongoni anashtuka sana, na ugonjwa ukizidi anaanguka, anatupa miguu, anakakamaa kama mwenye kifafa. Mama mmoja aliniambia shemeji yake aliona hivyo akasema simbilisi amerogwa. Hajarogwa jamani. Ni muwasho umepita kiasi mpaka mwili umeshindwa kuvumilia. Asipotibiwa anaweza kufa.

Anaupata wapi? Kwa simbilisi mwenzake. Mama anawapa watoto wake tangu wanazaliwa, dume mgeni analeta kutoka gulioni. Na hapa kuna jambo linalowachanganya wengi: simbilisi anaweza kukaa na wadudu wachache miezi mingi bila dalili yoyote. Siku akipata shida, yaani mimba, baridi, njaa, au kusongamana kwenye boksi, kinga inashuka na wadudu wanalipuka. Ndiyo maana unasikia mtu anasema, "Mbona sijaleta mnyama mgeni mwaka mzima?"

Lakini siyo kila manyoya yanayonyoka ni utitiri huu. Angalia vizuri mchana, kwenye mwanga:

Ukipanua manyoya ukaona vijidudu vyeupe vyembamba vinatembea, hao ni chawa wa simbilisi. Wanasumbua, lakini ni wepesi kuliko huyu anayechimba.

Ukiona mabaka yameanzia puani, kuzunguka macho na masikioni, yana ukoko lakini mnyama hajikuni sana, fikiria fangasi. Fangasi hii inaambukiza watoto, inawatoa mabaka ya duara, yale mnayoita choa, au mapunye ikiwa kichwani. Dawa ya utitiri haitibu fangasi.

Ukiona jike ananyonyoka pande zote mbili za mbavu, ngozi ni laini, haina magamba, na hajikuni, inaweza kuwa ni mimba au matatizo ya mayai ya uzazi.

Na ukiona simbilisi ana manyoya makavu, anachechemea, viungo vimevimba, hataki kula, fikiria upungufu wa vitamini C. Simbilisi yuko kama sisi binadamu, mwili wake hauwezi kutengeneza vitamini C, lazima aipate kwenye chakula kila siku. Simbilisi anayelishwa pumba na maganda makavu peke yake ataugua tu, na ngozi dhaifu ndiyo shamba la utitiri.

SEHEMU YA 3: Tusiyopaswa kufanya

Sehemu hii naomba muisome mara mbili. Mwenye bibi nyumbani amsomee.

Kuna usiku mmoja nikiwa zamu tuliletewa binti wa miaka 7. Mama yake ameniruhusu nisimulie, bila jina wala kijiji. Binti alikuwa analala, ukimwamsha anafungua macho kidogo anarudi kulala. Mikono ya baridi. Mapigo ya moyo yalikuwa ya polepole mno kwa umri wake. Tulipima malaria, hakuna. Hakuwa na homa. Mama analia, hajui chochote, alikuwa shamba siku nzima.

Aliyejua ni bibi. Alikuwa amekaa kwenye benchi, kitenge kichwani, kimya. Nikamsogelea.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu."

"Bibi, leo mjukuu alishinda na nani?"

"Na mimi."

"Mlifanya nini tangu asubuhi? Niambie hata kidogo, inatusaidia."

Akaniambia. Simbilisi wa mjukuu walikuwa wanajikuna. Mjukuu naye alikuwa anajikuna mikono. Bibi akachukua dawa ya kuogeshea ng'ombe, ile ya kupe, akaichanganya kwenye beseni kwa kukisia, wakawaogesha simbilisi wote watano, yeye na mjukuu, mikono mitupu. Maji yakabaki. Kwa kuwa isingekuwa vizuri kumwaga dawa ya pesa, akamwogesha na mjukuu mikono, kifua na kichwa.

"Nesi," akaniambia, "ng'ombe wangu hawana kupe hata mmoja."

Alikuwa anasema kweli. Bibi yule siyo mjinga. Maisha yake yote ameona dawa ile inaua wadudu kwenye ngozi, na mnyama anabaki mzima. Kitu ambacho hakuna mtu aliwahi kumweleza ni kwamba ng'ombe ana kilo mamia, ana ngozi nene, na dawa inapimwa kwa ajili yake. Ngozi ya mtoto ni nyembamba, ikiwa imekwanguliwa na kucha inanyonya dawa kama kitambaa, na mwili wenyewe ni mdogo. Daktari wa zamu alisema tumvue nguo zote, tumwoshe kwa sabuni na maji mengi, nywele mpaka vidole. Tukamkalia mpaka asubuhi tukihesabu mapigo na pumzi. Saa kumi na mbili alifumbua macho akaomba uji. Simbilisi wawili kati ya watano hawakuiona asubuhi hiyo.

Kwa hiyo, mama zangu, naomba tuweke sheria za nyumba.

Dawa ya kuogeshea ng'ombe haigusi simbilisi na haigusi mtoto. Zipo za aina nyingi. Aina moja inaleta usingizi mzito na moyo kwenda polepole kama nilivyosimulia. Nyingine inaleta mate kutoka, jasho, kutapika, mboni za macho kuwa ndogo kama ncha ya sindano, misuli kucheza, na kifua kubana. Zote zinaua.

Oili chafu ya gari hapana. Najua inapakwa nguruwe wenye ukurutu. Simbilisi anajilamba, oili inaingia tumboni. Na watoto wanamshika.

Mafuta ya taa hapana. Mtoto akiyanywa hata funda moja yanaweza kuingia kwenye mapafu. Usiyaweke hata kwenye chupa ya soda.

Dawa ya kupuliza mende na mbu usimpulizie mnyama anayelala kwenye boksi.

Na hii wengi hamuijui: usimpe simbilisi amoksilini, ampisilini wala penisilini. Mama mmoja alifungua kapsuli za amoksilini zilizobaki za mtoto akamwaga kwenye maji ya simbilisi ili "vidonda vikauke". Kwa binadamu ni dawa nzuri. Kwa simbilisi ni sumu, kwa sababu inaua bakteria wazuri wa tumboni wanaomsaidia kusaga majani, wabaya wanabaki wanatawala, anaharisha na kufa ndani ya siku chache. Na dawa ya mtoto iliyobaki haikutakiwa kubaki, tuliongea hilo mwezi uliopita.

Ikitokea mtoto amemwagikiwa au amenyweshwa dawa ya mifugo: mvue nguo, mwoshe kwa sabuni na maji mengi, usimtapishe, usimpe maziwa wala mafuta ya kula ukidhani yanaua sumu, beba chupa ya dawa au hata kipande cha lebo, kimbia kituoni. Na mwambie nesi ukweli. Hatutakugombeza. Ukituficha tunapoteza muda kutafuta malaria ambayo haipo.

SEHEMU YA 4: Dawa yenyewe, na hesabu yake

Sasa mtaniuliza, basi dawa ni ipi?

Inaitwa ivermektini. Baadhi yenu mnaijua kwa jina la Mectizan, vile vidonge vinavyogawiwa bure mikoa yenye usubi na matende. Kampuni ya Merck ilianza kuvitoa bure mwaka 1987. Dawa hii ilitokana na bakteria aliyepatikana kwenye udongo wa Japani, na wagunduzi wake, Satoshi Ōmura na William Campbell, walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Ilianza kutumika kwa mifugo, ikaja kwa binadamu. Ndiyo maana kwenye duka la dawa za mifugo utaikuta kwenye kichupa cha sindano, kwa ajili ya ng'ombe, mbuzi na nguruwe.

Kuwepo dukani siyo ruhusa ya kuchoma. Hebu tupige hesabu pamoja, maana hapa ndipo simbilisi wengi wanapofia mikononi mwetu.

Kichupa cha kawaida kimeandikwa asilimia 1. Maana yake, mililita 1, yaani cc 1, ina miligramu 10 za dawa. Kwa ng'ombe, cc 1 inatosha kilo 50. Sasa simbilisi mkubwa ana gramu 800, haijafika hata kilo. Wataalamu wa wanyama wadogo wanatumia kati ya miligramu 0.2 na 0.5 kwa kila kilo. Tuchukue 0.4 kwa mfano. Gramu 800 ni kilo 0.8. Zidisha kwa 0.4, unapata miligramu 0.32. Gawanya kwa 10, unapata mililita 0.032. Hicho ni kitone. Kwenye bomba la kawaida la cc 5 huwezi kukipima hata ukiwa na macho ya mwewe. Kwenye bomba dogo la insulini, lile la cc 1 lenye mistari 100, ni kama mistari 3.

Sasa fikiria mtu anayesema "mchome kidogo tu, nusu cc". Nusu cc ni mistari 50. Amempa zaidi ya mara 15. Mnyama anatetemeka, analegea, anashindwa kupumua, anakufa, halafu tunasema ugonjwa ulikuwa mkali.

Hesabu hii siwapi ili mwende mkachome wenyewe. Nawapa ili mkienda kwa mtaalamu muwe na maswali sahihi mkononi. Maafisa mifugo wetu wa kata wamezoea ng'ombe, mbuzi, nguruwe na kuku, kazi yao wanaijua, ila wengi simbilisi hawaletewi. Fanya hivi:

Kwanza, mpime uzito. Nenda na boksi kwa mwenye duka anayepima sukari na maharage, mwombe kwa adabu. Pima boksi tupu, kisha boksi na mnyama, toa. Andika jina la kila simbilisi na gramu zake. Tafadhali usimlete kliniki kwenye mzani wa watoto, kuna mtu alijaribu, na mimi nampenda lakini hapana.

Pili, piga picha za ngozi mchana, karibu, bila kivuli. Piga na video fupi akijikuna.

Tatu, mpigie au mwendee afisa mifugo wa kata yako. Namba utaipata ofisi ya kata au kwa mtendaji wa kijiji. Mwonyeshe picha, mpe uzito. Mwulize: Je, ni utitiri au fangasi? Dozi ni kiasi gani kwa uzito huu? Utapima kwa bomba gani? Turudie lini? Kama hana uhakika anaweza kuwasiliana na daktari wa mifugo wa wilaya, na nyuma ya huyo wapo waliosoma Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Picha inasafiri kwa simu, siyo lazima wewe usafiri mpaka Bukoba na boksi mapajani.

Nne, usiizimue dawa kwa maji. Haichanganyiki vizuri, tone moja litakuwa na dawa nyingi na jingine halina kitu. Mtaalamu ndiye anayejua aichanganye na nini.

Tano, mwambie kama kuna mwenye mimba, anayenyonyesha, au vitoto. Hao wanahitaji uangalifu wao, na wenye mimba hawapaswi kubanwabanwa.

Sita, dawa inarudiwa. Ivermektini inaua wadudu, haiui mayai. Mayai yanaanguliwa baadaye, ukoo unaanza upya. Kwa hiyo inatolewa tena baada ya siku 7 mpaka 14, jumla mara 2 au 3, kama mtaalamu atakavyopanga. Na wanatibiwa wote siku moja, hata yule anayeonekana mzima. Ukimtibu mgonjwa peke yake umepoteza pesa.

Wale simbilisi watatu wa binti waliobaki walitibiwa kwa njia hii hii. Baba alitaka kuwatupa mtoni, na kwa kilichotokea simlaumu. Afisa mifugo alikuja na pikipiki, akachoma vitone, akarudi mara mbili tena. Kwenye wiki ya tatu mama alinitumia picha, manyoya mapya yameanza kuota kama vumbi mgongoni.

Na neno moja zito: ivermektini ya mifugo haichomwi wala hainywewi na binadamu. Ya binadamu ni vidonge, vina kipimo chake, na mtoto aliye chini ya kilo 15 hapewi kiholela. Wajawazito pia.

SEHEMU YA 5: Na mtoto anayejikuna?

Hapa sasa ndipo kwangu.

Utitiri wa simbilisi ukimpanda mtu unamng'ata na kumwasha, lakini hauwezi kujenga ukoo kwenye ngozi ya binadamu. Vipele vinatokea pale mnyama alipoguswa: mikono ya mbele, kifua, shingo, tumbo, mapaja kwa mtoto anayempakata. Ukimtibu mnyama na kumwekea mtoto mipaka, vipele vinaisha vyenyewe ndani ya wiki chache. Mtoto anahitaji kuoga, kucha fupi, nguo safi, na kitu cha kupunguza muwasho kama kalamini.

Upele wa binadamu ni kitu kingine. Huo unatoka kwa mtu kwenda kwa mtu: kulala pamoja, kubebana, kushikana mikono muda mrefu. Simbilisi hahusiki. Shirika la Afya Duniani liliuingiza kwenye orodha ya magonjwa yasiyopewa kipaumbele mwaka 2017, kwa hiyo siyo aibu ya nyumba yako peke yako. Utautambua hivi: muwasho unazidi usiku, vipele vipo katikati ya vidole, kwenye viganja na vifundo vya mikono, kiunoni, sehemu za siri, chini ya matiti kwa mama. Kwa watoto wachanga unakuja mpaka nyayo, viganja na kichwani. Na zaidi ya mtu mmoja nyumbani wanajikuna, hata asiyemgusa simbilisi.

Mara ya kwanza mtu akiupata, muwasho unaweza kuchelewa wiki 4 mpaka 6. Kwa hiyo aliyekuambukiza huenda alishaondoka zamani, ni yule mgeni wa msibani, na simbilisi wanabebeshwa kesi isiyo yao.

Ukiwa ni upele, njoo kituoni. Kuna losheni ya benzili benzoeti, kuna krimu ya permetrini, kuna mafuta ya salfa yanayofaa hata wadogo sana. Kwa watoto benzili benzoeti inazimuliwa, utaelekezwa kiasi. Siri ya kupona ni hii: familia yote inapaka usiku mmoja, kuanzia shingoni mpaka kwenye vidole vya miguu, katikati ya vidole na chini ya kucha, na mtoto mchanga mpaka kichwani, tukikwepa macho na mdomo. Kesho yake shuka na nguo zinafuliwa kwa maji ya moto, zinaanikwa juani, zinapigwa pasi. Visivyofulika vifunge kwenye mfuko siku 3 au zaidi, mdudu atakufa kwa kukosa ngozi. Muwasho unaweza kuendelea wiki 2 mpaka 4 hata wadudu wakiwa wamekufa. Usirudie dawa kila siku kwa hasira, utaichoma ngozi.

Njoo haraka, usisubiri, ukiona: usaha, homa, ngozi nyekundu yenye joto inayosambaa, au mtoto amevimba uso asubuhi na mkojo umekuwa wa rangi ya chai nzito. Vidonda vya kujikuna vikiingiliwa na bakteria vinaweza kufika mpaka kwenye figo. Mtoto anaanza na kujikuna, tunamalizia na figo. Hiyo ndiyo sababu "ni upele tu" silipendi hilo neno.

SEHEMU YA 6: Boksi, majani, na mgeni wa gulioni

Dawa bila usafi ni kuchota maji kwa tenga.

Siku ya dawa, toa matandiko yote, nyasi na majani makavu ya migomba, yachome. Sugua boksi au kibanda kwa maji ya moto na sabuni, anika juani mpaka likauke kabisa. Boksi la karatasi usilioshe, lichome, tafuta jingine. Rudia kila unaporudia dawa. Watoto wasiwashike mpaka dozi zimalizike; atakayesafisha ni mtu mzima, anaweza kuvaa mifuko ya plastiki mikononi, halafu anawe kwa sabuni.

Chakula: nyasi wakati wote, na kila siku kitu kibichi chenye vitamini C. Sukuma wiki, pilipili hoho, kipande cha pera. Hivyo havikosekani huku. Epuka majani ya parachichi, yana sumu kwake, na huku kwetu miparachichi iko kila uwanja. Epuka pia majani ya viazi mviringo na nyanya.

Watoe jikoni kama mnaweza. Moshi, baridi ya sakafu na msongamano vinamdhoofisha. Dume na jike wakizaa bila mpango boksi linajaa, na boksi lililojaa ndilo linalougua.

Ukinunua simbilisi, iwe gulioni Omurushaka au kwa jirani, mkague: manyoya, masikio, tumbo. Halafu mweke peke yake wiki 3. Mwambie mtoto mgeni anapumzika na safari.

Na mtoto msaidie kuelewa. Nimeona watoto wanaambiwa, "Simbilisi wako ndiye aliyekuletea ugonjwa," wanabeba hatia kubwa kuliko umri wao. Mwambie hivi: mnyama wako anaumwa, tutamtibu, na wewe kazi yako ni kuleta majani na kunawa mikono. Mtoto aliyefundishwa kumpa mgonjwa dawa kwa kipimo, kumaliza dozi na kunawa mikono, akiwa mzazi hatampa mwanawe nusu cc ya kukisia. Hapo simbilisi atakuwa ametufanyia kazi kuliko mabango yetu yote ya kliniki.

Kesho naingia zamu ya mchana, nitajibu maswali jioni. Andika umri wa mtoto, vipele viko wapi, vimeanza lini, na nani mwingine anajikuna. Wiki ijayo ni vipele vya nepi, safari hii kweli.

Na leo, kabla hujalala, angalia dawa ya ng'ombe imewekwa wapi nyumbani kwako. Kama mtoto anaifikia, inuka uipandishe juu sasa hivi.